Sekunde za Watoto wa Watu

Shangazi yangu ni fundi saa, na kama hujawahi kumwona akiwa kazini, umekosa jambo. Anakaa kwenye kibanda chini ya ngazi za jengo moja la ghorofa mbili, kibanda chembamba kiasi kwamba mteja mnene akitaka kuingia, lazima Shangazi atoke kwanza. Jicho la kulia limebana lenzi, mkononi ana kibano, na mbele yake juu ya kitambaa cheupe kuna visikurubu ambavyo mimi, mwenye macho mazima, navidhania vumbi. Ana miaka sitini na minne na mkono wake hautikisiki. Nimemwona akishika springi nyembamba kuliko unywele, na unywele naujua, maana mimi ni kinyozi na duka langu linatazamana na kibanda chake ng'ambo ya barabara.

Kazi alifundishwa na marehemu mumewe. Hawakujaliwa mtoto. Mume alipofariki, watu walidhani kibanda kitauzwa, lakini siku ya kumi baada ya maziko Shangazi alifungua mlango, akafuta kioo, akaketi. Alisema kuna saa kumi na tisa za watu zimelala mle ndani, na wenyewe wanazingoja.

Na ana mdomo. Kuna karani aliyemwomba amsogezee saa yake dakika tano mbele ili asichelewe kazini. Shangazi alimrudishia saa yake palepale. "Mwanangu, ukitaka kuwahi, amka. Usiifundishe saa uongo." Tulicheka mpaka mteja wangu nikamkwaruza sikio. Mimi humtania, "Shangazi, wewe hata siku ya kufa utamwuliza malaika saa ngapi." Hunijibu, "Nitamwuliza, baba, na akikosea nitamrekebisha."

Basi siku moja akaja Kocha, na saa yake ya kupimia mbio imekwama. Kocha alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, ana kitambi cha heshima, na filimbi ilikuwa haimtoki shingoni hata akienda kununua mkate. Alifundisha watoto riadha kwenye uwanja wa shule, jioni za Jumanne na Alhamisi, na Jumamosi asubuhi. Binti yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Kijiti kwa wembamba wake, alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka kumi na miwili wakati huo, na mbio zake zilikuwa mita mia nane, yaani kuuzunguka uwanja mara mbili.

Niseme ukweli, nilimheshimu sana Kocha. Alipomkemea mwanangu mbele za watu, mimi nilitikisa kichwa kukubali. Alipomwita mvivu, niliwaambia wateja wangu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nilijiona baba wa maana.

Shangazi aliitengeneza ile saa, akaijaribu mbele ya Kocha kwa kubonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia. Kocha akaona kidole gumba kile jinsi kilivyo chepesi. Akamwomba awe mshika saa wa watoto. Nilijua Shangazi atamfukuza, lakini alikubali.

"Maisha yangu yote napima watu walioketi," aliniambia. "Nataka nipime kitu kinachokwenda."

Hakuwa amewahi kumwona Kijiti akikimbia. Jioni ile ya kwanza alirudi, akasimama mlangoni kwangu. Kisha akasema, "Baba, kumbe huyu mtoto hagusi chini?"

Nilidhani anatia chumvi, kama mabibi wote wanavyowasifia wajukuu. Nikaendelea kunoa wembe.

Sasa lazima nieleze kosa la Shangazi, na analieleza mwenyewe bila kuulizwa. Kocha alikuwa na utaratibu wake. Mshika saa hakuruhusiwa kumsomea mtoto. Alimkabidhi Kocha saa, Kocha akaitazama, akaifuta, halafu akatangaza. Siku ile ya kwanza Kijiti alikimbia kwa dakika mbili na sekunde thelathini na moja. Kocha akatangaza thelathini na tano. Shangazi alidhani jamaa macho yamechoka, akamnong'oneza kumsahihisha. Kocha akamvuta pembeni.

"Bibi, hiyo ni dawa," alimwambia. "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mtoto akijua ana kasi, kesho hakimbii tena. Mimi nawaongezea wote kidogo, ili waitafute."

Mtu mwingine angebisha. Lakini Shangazi ni fundi, na mafundi wana adabu yao: fundi hatii mkono kwenye kazi ya fundi mwenzake. Ukimkuta fundi redio anagonga redio kwa nyundo, unapita, maana huenda anajua anachofanya. Shangazi alijiambia kwamba yeye anajua springi na mwenzake anajua watoto, na tena yeye hakuzaa. Mwanamke aliyekataa kuidanganya saa ya karani akakubali kukabidhi saa ya kweli, na kusikia uongo ukitangazwa, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima.

Na Kijiti alivyozidi kuwa mwepesi, ndivyo Kocha alivyozidi kuongeza. Kutoka sekunde nne zikawa saba, kutoka saba zikawa kumi na zaidi. Kiwango cha kwenda kwenye mashindano makubwa ya watoto kilikuwa dakika mbili na sekunde ishirini. Mwanangu alikipita miezi mingi bila kujua. Kila alichosikia ni ishirini na saba, ishirini na sita, ishirini na saba. Akiwaacha wenzake nusu uwanja, Kocha humwambia, "Umewashinda konokono wenzako, ndiyo unajisifu?"

Nyumbani mambo yalibadilika, na kinyozi hajinyoi: vichwa vya watu navisoma vizuri, cha mwanangu sikukiona. Aliacha kumaliza chakula kwa sababu Kocha alisema ni mzito. Mzito, mtoto anayeitwa Kijiti! Akaanza kuamka alfajiri kukimbia peke yake kabla ya shule, akawa anaficha maumivu ya mifupa ya miguu, anashuka ngazi ubavu ubavu. Mama yake akaniambia, "Mtoto hali." Nikamjibu, "Kocha anajua." Mama yake akaniambia tena baada ya wiki mbili, "Mtoto hacheki." Nikamjibu vilevile. Nikikumbuka majibu hayo najisikia vibaya mpaka leo.

Wengine walikwisha kuondoka. Alikuwepo kijana wa mbio fupi, wenzake walimwita Umeme, mtoto aliyekuwa akisikia mlio wa kuanza huoni mguu. Kocha alimtangazia nambari za aibu mpaka akakunja kaptura yake akaenda zake. Watoto walianza thelathini, wakabaki kumi na mmoja.

Ikafika Jumanne moja. Nilikuwa namnyoa dereva wa lori, nusu ya kichwa imekwisha, nusu bado. Shangazi akaingia moja kwa moja kutoka uwanjani, vumbi mpaka magotini. Hakusalimia, yeye ambaye huniadhibu nikisahau shikamoo.

"Zima mashine," alisema.

Nikazima.

"Tazama saa yako ya ukutani. Tazama ule mshale mwekundu. Ukifika juu, tunaanza, na asiseme mtu mpaka niseme mimi."

Tukatazama, mimi na dereva na nusu ya nywele zake. Mshale ulizunguka mara moja. Ukazunguka mara ya pili. Mtu akikaa kimya anatazama sekunde, dakika mbili ni ndefu, lakini si ndefu kiasi cha kufanya lolote la maana; mimi hapo simalizi hata kisogo. Mshale ukapita juu mara ya pili, ukaongeza kidogo, na Shangazi akapiga kofi.

"Hapo. Mbili na kumi na tatu. Muda huu mliosimama midomo wazi, mwanao ameuzunguka uwanja mara mbili. Kwa miguu yake. Leo hii."

Dereva akasema polepole, "Mimi na lori langu, na kona zile, siahidi."

Nilikuwa nimesikia nambari za mbio kila wiki, lakini zilikuwa nambari tu, kama bei za vitu nisivyonunua. Sasa nilikuwa nimesimama ndani ya ule muda kwa miguu yangu, nikaona jinsi ulivyo mdogo, na mwanangu, huyu ambaye jana nimemfokea kwa kusahau kufunga mlango, ameweza kuupitisha uwanja mzima mle mara mbili.

"Miaka arobaini nashika saa," Shangazi alisema, akaketi kwenye kiti cha wateja ambacho hajawahi kukikalia. "Saa zinapima watu wanavyochelewa. Leo nimeona saa ndiyo inachelewa, inamkimbilia mtoto. Kidole changu kilitetemeka, baba. Kwa mara ya kwanza."

"Lakini Kocha kasema ngapi?"

"Ishirini na saba."

Ndipo akanieleza yote, dawa na mgema na mwaka mzima. Sikuanza na Kocha, nilianza na yeye.

"Ulijua, Shangazi!"

"Nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Nikanyamaza. Nilidhani ni fundi." Alisema hivyo akitazama mikono yake. "Mtoto ametapika pale kwenye mstari, halafu akaniomba mimi msamaha. Akaniambia, 'Bibi, samahani nakupotezea muda.' Mimi!"

Jioni ile nilimwambia Kijiti kila kitu. Alikuwa anaisukuma sahani. Nilidhani ataruka, nilidhani atanikumbatia. Alinitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mtoto.

"Bibi ananipenda tu, baba. Ananifariji."

"Bibi yako hajui kudanganya."

"Kama hajui kudanganya, mbona alinyamaza mwaka mzima?"

Mama yake akatazama pembeni.

"Jumamosi ndiyo mwisho," Kijiti alisema. "Nimeshamwambia mama. Nitaaga, halafu viatu nitampa mtu mwenye miguu."

Sijawahi kusikia neno baya kama lile nyumbani kwangu, na limesemwa kwa sauti ya chini, na mtoto mwenye adabu. Usiku nilimwaza Kocha, ngumi imekunjwa. Lakini ngumi ingemwonyesha nini mwanangu? Mtoto aliyeambiwa mwaka mzima kwamba ni mzito hawezi kuambiwa mara moja kwamba ni mwepesi akaamini. Ilibidi aone mwenyewe, na siku zilizobaki zilikuwa tatu.

Asubuhi nikampelekea Shangazi maneno yale kama yalivyo. Akajifungia kibandani bila kupokea mteja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu maziko, na kwa siku tatu nilisikia tu mkasi wa bati nyuma ya mlango.

Jumamosi alikuja uwanjani amebeba kitu kimefunikwa shuka, anasaidiwa na dereva wa lori, ambaye sasa alijiona mdhamini wa mambo haya. Wakakitundika kwenye mlingoti wa goli, hapo hapo kwenye mstari wa kumalizia, kimewatazama wakimbiaji wanaokuja. Shangazi akavuta shuka.

Ilikuwa saa, kubwa kama sinia. Haikuwa na mshale wa saa wala wa dakika. Ilikuwa na mshale mmoja tu, mrefu, mwekundu, unaozunguka mara moja kwa dakika. Baadaye alinieleza kwamba mashine ilikuwa ya saa ya kawaida ya ukutani, inayotumia betri moja, na mashine ya namna hiyo haina nguvu ya kuinua mshale mrefu. Kwa hiyo aliukata kwenye kopo la soda, bati jepesi kabisa, na mkiani akaweka tone la risasi ya kulehemu, akalipunguza kwa tupa chembe kwa chembe mpaka pande mbili zikalingana na mashine isihisi mzigo. Aliijaribu kwa siku moja na usiku mmoja kwa saa zake nne, na haikuachana nazo hata sekunde. Fikiria: bati la soda na chembe ya risasi, na kitu kile kinasema kweli kuliko mtu mzima mwenye filimbi.

Kocha alikuja mbio. "Bibi, toa hicho kitu."

"Kitu gani?"

"Hicho hapo juu."

"Hiyo ni saa. Si ndiyo uliyoniitia?"

Kocha akatazama kamba ya pembeni, tulikosimama wazazi watano sita. Akanitazama na mimi, nami siku hiyo sikutikisa kichwa. Akapuliza filimbi kuwaita watoto kwenye mstari.

Shangazi alisubiri mshale ufike juu, akashusha mkono, wakaondoka. Watoto ambao hawakukimbia waliielewa saa ile mara moja, wakaanza kuhesabu pamoja. Mzunguko wa kwanza Kijiti alipita mbele yetu peke yake, mabega yametulia, uso hauna kitu. Nilikuwa nimeshamwona akikimbia mara mia, na siku zote nilikuwa namtazama Kocha kuona kama karidhika. Siku ile nilimtazama mwanangu. Shangazi alisema kweli. Alikuwa akigusa chini kwa kuazima tu, akirudisha papo hapo.

"Mojaaa!" watoto walipiga kelele mshale ulipopita juu.

Kona ya mwisho alitokea, na sasa ile saa ilikuwa mbele yake. Niliona macho yake yakiipata. Mshale ulikuwa bado haujafika juu. Akaonekana kama mtu aliyemwona nduguye kwenye umati. Shingo ikanyooka, akaongeza mwendo. Sikujua kama kulikuwa na mwendo wa kuongeza. Mtu mzima mimi, nilijikuta nimeishika kamba kwa mikono miwili na machozi yananitoka.

"Mbiliii! Moja, mbili, tatu..."

Akavuka mstari kwenye kumi na mbili.

Hakuruka wala hakushangilia. Aliinama, akashika magoti, akageuka kuutazama mshale ambao sasa ulikuwa unaendelea na safari yake. Kisha akamwuliza Shangazi, "Bibi, imeharibika?"

Mteja akimwuliza Shangazi swali hilo, huondoka na saa yake mbovu. Lakini alimjibu taratibu, "Haijaharibika, mama. Ni wewe."

Kijiti akakaa kwenye nyasi. "Na zile nyingine?"

Shangazi akaanza kuzitaja. Hakuwa na karatasi. "Siku ya kwanza, mbili na thelathini na moja. Alhamisi ile ya upepo, mbili na ishirini na tisa. Jumamosi uliyokuwa na mafua, thelathini kamili." Akaendelea, siku baada ya siku, mwaka mzima, bila kusita, na mwanangu alikuwa anatikisa kichwa kwa kila moja, akizipokea. Nilijua kwamba Shangazi hasahau saa aliyoitengeneza, ila sikujua kama alikuwa amezihifadhi sekunde za watoto wa watu namna hiyo, zote, kwa sababu alijua si zake.

Alipomaliza, mtoto mwingine akainua mkono, "Bibi, na mimi?" Wakapanga foleni. Akawapa wote kumi na mmoja. Kisha akataja za Umeme pia, mita mia kwa sekunde kumi na mbili na nusu, na hakuna aliyeitika. Jumapili yake alikwenda mpaka kwao kumpelekea. Kijana alifungua mlango, akasikiliza, akasema, "Asante, Bibi," akafunga. Mpaka leo hajarudi uwanjani, na Shangazi hajawahi kusema kwamba atarudi.

Lakini Jumamosi ile Kocha alikuwa bado amesimama. Mimi nilikuwa nimeshavuka kamba kwenda kumkabili; sikuwa nimemsamehe, na sijui kama nimemsamehe. Aliongea kabla sijafika, na alikuwa akimwambia Shangazi.

"Mimi nililelewa hivihivi, Bibi. Kocha wangu alituongezea wote. Ndivyo tulivyokomaa."

"Na zako za kweli zilikuwa ngapi?"

Kocha akaitazama ile saa ya mlingotini. "Alisema atanisomea siku nikiwa tayari."

"Akakusomea?"

Alitikisa kichwa kukataa. Akashika filimbi, akaiachia. "Nilikimbia mia nne miaka sita," alisema. "Sijui."

"Na mimi siwezi kukwambia," Shangazi alisema. "Sikuwepo."

Ndipo Kijiti akasimama kutoka kwenye nyasi. Nilitaka kumnyamazisha, mtoto haingilii wakubwa, lakini sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo. "Kocha, kimbia sasa. Tutakupima."

Nilidhani atamfokea. Badala yake alivua filimbi, akampa mtoto mmoja amshikie, akaenda kwenye mstari. Shangazi akangoja mshale ufike juu, akashusha mkono. Mzee yule na kitambi chake akakimbia uwanja mzima, viatu vinapiga chini kama mlango uliolegea bawaba, na watoto aliowaita konokono hawakucheka. Walimhesabia. Kona ya mwisho karibu asimame, na mwanangu akapiga kelele, "Usiache, Kocha!"

Akavuka mstari, akaanguka kwa mikono na magoti mbele ya miguu ya Shangazi.

"Dakika moja," Shangazi alimsomea, "na sekunde thelathini na nane."

Kocha akainua uso, jasho linamwingia machoni, anatafuta pumzi.

"Hujaniongezea?"

"Sijakuongezea," Shangazi alisema. "Ni zako."